Uwanja wa Ndege Ambao Haukuwamo Katika Mpango

Mtu akisimama leo juu ya genge la Saint-Laurent-sur-Mer, kwenye pwani ya Normandy nchini Ufaransa, ataiona bahari chini yake na, upande wa mashariki, miti ya msonobari inayozunguka makaburi ya Wamarekani waliokufa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Uwanja wa ndege hatauona. Hata hivyo ulikuwapo, na kwa majuma kadhaa ya kiangazi cha mwaka 1944 ndege za uchukuzi zilitua na kuruka katika ardhi hiyo tangu asubuhi hadi jioni, zikileta risasi na vipuri, na kuondoka na majeruhi.

Nimezisoma habari za viwanja vya muda vya vita hivyo kwa miaka kadhaa sasa, na kila mara najikuta nimerudi kwenye kipande hiki kimoja cha ardhi. Normandy ilijengwa viwanja vikubwa kuliko huu, na vingine vilitumiwa na marubani waliopata sifa kubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kutua hapa. Kinachonirudisha ni kwamba uwanja huu haukuwamo katika mpango wowote, ilhali mpango wenyewe ulikuwa umeandaliwa kwa uangalifu ambao sijauona katika jambo jingine la vita vile, na watu walioujenga walikuwa na kazi nyingine kabisa waliyotumwa kuifanya.

Nianze na sababu ya viwanja hivyo kuhitajika. Kutoka Thruxton, kusini mwa Uingereza, ambako kikosi kimoja cha ndege za kivita za Marekani kilikuwa na kambi yake, hadi pwani ya Normandy ni kama kilomita 200, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni bahari. Ndege ya kivita iliyotoka huko ilitumia mafuta mengi kwenda na kurudi, ikabakiwa na muda mfupi wa kuwa juu ya askari iliotumwa kuwasaidia. Ikipigwa, rubani alikuwa na maji mbele yake badala ya nyumbani. Hali ya hewa ikichafuka Uingereza, askari walioko Ufaransa walikosa ndege hata kama anga la kwao lilikuwa jeupe. Kwa hiyo wapangaji wa uvamizi wa Juni 1944, ambao Wamarekani, Waingereza na Wakanada waliufanya kwa kuvuka bahari ili kuikomboa Ufaransa kutoka kwa Wajerumani, walijua mapema kwamba haitoshi kuiteka pwani, na kwamba lazima pia wapate ardhi tambarare nyuma yake, waisawazishe, na waanze kuitumia kabla adui hajajipanga upya.

Viwanja hivyo viligawanywa kwa madaraja kulingana na haraka iliyokuwapo. Cha kwanza kilikuwa kiwanja cha dharura, kipande cha mita 550 hivi kilichosawazishwa tu ili rubani ambaye ndege yake imepigwa apate pa kuangukia. Kikafuata kiwanja cha kujazia mafuta na silaha, chenye urefu wa mita 1,100 hivi, ambapo ndege ingetua, ijazwe na iruke tena, na usiku irudi kulala Uingereza. Mwisho ulikuwapo uwanja wa mbele uliokamilika, wenye maegesho yaliyotawanywa ili bomu moja lisiteketeze ndege nyingi, ambapo kikosi kizima kingehamia pamoja na mafundi wake, mahema yake na majiko yake. Ndege nzito zilizobeba mabomu zilihitaji hadi mita 1,500. Kiwanja cha daraja la chini kingeweza kupandishwa daraja kazi ikiendelea, kwa kurefushwa na kutandikwa sakafu. Kila kimoja kilipewa herufi na namba badala ya jina la kijiji: A kwa viwanja vya Wamarekani, B kwa vya Waingereza na Wakanada.

Mahali pa kuvijenga palichaguliwa mezani, kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Jeshi la Uingereza liliwatumia wanajiolojia, miongoni mwao W. B. R. King na baadaye Fred Shotton, ambao walizisoma ramani za miamba za Ufaransa pamoja na picha zilizopigwa kutoka angani, wakakadiria ni wapi maji ya mvua yangezama upesi na ni wapi gurudumu la ndege lingedidimia. Jibu lao lilielekea zaidi kwenye nyanda za juu kidogo karibu na pwani, hasa kati ya miji ya Bayeux na Caen. Huko miamba ya chokaa imefunikwa na udongo laini kama unga, ambao upepo uliuleta na kuulaza hapo katika zama za barafu. Udongo huo hukatika kirahisi chini ya kisu cha greda, hushindilika vizuri, na mwamba ulio chini yake hunywa maji. Naomba msomaji aukumbuke udongo huu, maana baadaye uliwaletea mafundi wa ndege taabu ambayo hakuna aliyeitarajia.

Lilikuwapo pia suala la sakafu. Zege halikuwezekana, kwani hakukuwa na muda wa kulimwaga wala wa kulisubiri likauke, na meli zisingeweza kubeba uzito wake. Wahandisi walikuwa na vifaa vya aina tatu. Vinavyofahamika zaidi ni vibao vya chuma vyenye matundu, vilivyojaribiwa karibu na Marston huko North Carolina mwaka 1941. Kila kibao kilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, upana wa sentimita 38, matundu 87 na uzito wa kilo 30, hivi kwamba mtu mmoja mwenye nguvu aliweza kukinyanyua, na ukingoni kilikuwa na ndoano upande mmoja na vipenyo upande wa pili, kiasi kwamba kilishikana na mwenzake bila bolti hata moja. Vilikuwa imara sana, lakini kwa uwanja mzima uzito wake ulijaza meli. Kifaa cha pili kilikuwa turubai la juti lililoloweshwa lami, likatandikwa kwa mikanda iliyolaliana ili kuzuia mvua isifike kwenye udongo. Cha tatu, ambacho ndicho kilichotumika zaidi katika majuma ya mwanzo, kilikuwa wavu wa chuma wenye macho ya mraba ya sentimita 7.5 hivi, uliofungwa kwa mizingo.

Wavu huo nimeufikiria sana, kwa sababu unaonyesha vizuri maana ya neno "muda" katika kazi hii. Haukuufanya udongo kuwa mgumu. Ulikuwa ukitandazwa juu ya ardhi iliyokwisha kusawazishwa na kushindiliwa, mzingo ukasukumwa na watu huku wengine wakiuvuta ukaze, kingo zikaunganishwa na mzingo wa jirani, na pembeni ukashikwa kwa vigingi. Nyasi ziliendelea kuota kupitia macho yake. Kazi yake ilikuwa kugawanya uzito wa gurudumu ili lisichimbe mfereji, na kuifanya hivyo kwa wiki chache tu, hadi vita vihame. Mhandisi aliyeuchagua alijua utachoka, akakadiria kwamba hautachoka kabla ya kazi kwisha. Kukadiria hivyo ni ujuzi mkubwa, na naamini haujapewa heshima inayostahili, kwa kuwa watu wamezoea kumsifu mjenzi kwa kile kinachodumu.

Kwa upande wa Marekani kazi hii ilikuwa ya Kamandi ya Tisa ya Uhandisi, iliyokuwa chini ya Jeshi la Tisa la Anga na kuongozwa na Brigedia Jenerali James B. Newman. Batalioni zake zilikuwa na watu wapatao 800 kila moja, wenye matingatinga, magreda, rola na malori yao wenyewe. Ninayoifuata hapa ni Batalioni ya 834. Ilitakiwa kushuka katika ufuo uliopewa jina la Omaha, kisha ielekee magharibi hadi kijiji cha Saint-Pierre-du-Mont na kujenga uwanja wenye namba ya kwanza kabisa, A-1.

Yaliyotokea Omaha asubuhi ya Juni 6, 1944 yanajulikana. Zaidi ya Wamarekani 2,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea katika ufuo huo kwa siku moja, na ratiba ya kushusha mitambo ikavurugika, kwani hakukuwa na pa kuishushia. Upande wa pili wa eneo la Wamarekani, katika ufuo wa Utah ambako upinzani ulikuwa mdogo, Batalioni ya 819 ilifanikiwa kumaliza kiwanja cha dharura huko Poupeville jioni ya siku ileile ya kutua. Watu wa 834 hawakuwa na bahati hiyo. Sehemu kubwa ya batalioni ilichelewa kushuka, na walipopanda juu ya genge walikuta kwamba ardhi waliyopangiwa bado ilikuwa ya adui. Saint-Pierre-du-Mont iko jirani na Pointe du Hoc, lile jabali ambalo askari wapatao 225 wa Rangers, kikosi maalumu cha Marekani, wakiongozwa na Luteni Kanali James Rudder, walilipanda kwa kamba na ngazi asubuhi ya Juni 6, kisha wakazingirwa juu yake. Askari wa kuwaokoa hawakuwafikia hadi Juni 8. Mahali ambapo askari wa miguu hajafika, tingatinga haliwezi kutangulia.

Hapo ndipo ninapotua kila nisomapo habari hizi. Batalioni ile ingeweza kukaa na kungoja. Ilikuwa na amri iliyoandikwa, ikiwa na jina la kijiji na namba ya uwanja, na hakuna mtu ambaye angeilaumu kwa kushindwa kujenga juu ya ardhi inayopigwa risasi. Badala yake wahandisi walitafuta kipande tambarare kilichokuwa karibu nao, juu tu ya ufuo ule uliojaa mabaki ya chuma na miili, katika mashamba ya Saint-Laurent, wakaanza kazi. Waling'oa ua za miti na kuta za udongo zilizotenganisha mashamba, wakafukia mifereji, wakasawazisha, wakashindilia. Ilipofika jioni ya Juni 8, siku ya pili baada ya kutua, walikuwa na njia ya majani na udongo yenye urefu wa mita 1,000 hivi, ambayo ndege ya uchukuzi ingeweza kuitumia. Ikawa ndiyo uwanja wa kwanza wa Wamarekani uliofanya kazi kamili katika Ufaransa baada ya uvamizi.

Namba yake ndiyo inayousaliti. Uwanja uliopangwa kuwa wa kwanza uliitwa A-1. Uwanja uliokuwa wa kwanza kweli uliitwa A-21, kwa sababu namba za mwanzo zilikuwa zimekwisha kugawiwa viwanja ambavyo wakati huo vilikuwapo kwenye karatasi tu.

Siku hiyohiyo ya Juni 8, katika kijiji hichohicho, jeshi la Marekani lilifungua makaburi ya muda kwa ajili ya waliouawa ufuoni. Ni mambo mawili ya muda yaliyoanzishwa kwa haraka ileile, na watu waliochoka kwa namna ileile, umbali mfupi baina ya moja na jingine.

Ndege zilizotua A-21 zilikuwa hasa C-47, ile ndege ya injini mbili ambayo Waingereza waliiita Dakota. Ilikuja na risasi, damu ya kuwaongezea majeruhi, vipuri na barua. Ikishateremsha mzigo, viti vya pembeni vilikunjwa, mikanda ikashushwa kutoka darini, na machela yakapangwa kwa tabaka kutoka sakafuni hadi juu, 18 au zaidi kwa safari moja. Ndege hiyo ikiwa ardhini hukaa mkia chini, kwa hiyo sakafu yake ni mteremko. Wabebaji walilazimika kuinyanyua machela hadi kwenye mlango ulio karibu na mkia, kisha waipandishe mbele ya chumba kama wanaokwea kilima, wakijitahidi asiinamishwe mtu mwenye mfupa uliovunjika. Kisha wakashuka na kwenda kumchukua mwingine. Saa moja na ushee baadaye mtu huyo alikuwa Uingereza, mahali penye kitanda na daktari wa upasuaji asiyefanya kazi ndani ya hema, ilhali safari ya meli kutoka ufuoni ingechukua muda mrefu zaidi na ingemtikisa kwa mawimbi.

Ndege hizo hazikuchorwa msalaba mwekundu. Sheria ya vita inaulinda msalaba huo kwa chombo kinachobeba wagonjwa peke yake, na ndege iliyokuja na risasi haikuwa na haki ya kuuvaa hata wakati wa kurudi na majeruhi. Wauguzi waliosafiri nazo walilijua hilo. Upande wa Waingereza, wanawake watatu wa Jeshi la Anga, Myra Roberts, Lydia Alford na Edna Birkbeck, waliruka kutoka Blakehill Farm tarehe 13 Juni kwenda kuwachukua majeruhi Normandy, wakiwa wanawake wa kwanza wa jeshi hilo kutumwa kwa ndege katika eneo la mapigano. Wengine wengi waliwafuata, katika viwanja vya Waingereza na vya Wamarekani pia, na kila mmoja wao aliketi katika ndege ambayo adui alikuwa na ruhusa ya kisheria kuitungua.

Rangers walipokwisha kuokolewa, Batalioni ya 834 iliirudia kazi yake ya awali. Uwanja wa A-1 wa Saint-Pierre-du-Mont ulisawazishwa, ukatandazwa wavu wa chuma, na ukahesabiwa kuwa tayari Juni 13. Wiki iliyofuata kikosi cha 366, ambacho ndicho kile kilichokuwa Thruxton, kilianza kuhamia hapo na ndege zake za P-47 Thunderbolt. Upande wa mashariki Wakanada walikuwa wamewatangulia: tangu Juni 10, ndege za Spitfire za kikosi kilichoongozwa na Johnnie Johnson zilikuwa zikitua B-3, huko Sainte-Croix-sur-Mer.

Kutoka A-1 hadi mji wa Saint-Lô, ambao Wamarekani walikuwa wakiupigania hadi walipouteka Julai 18, ni kilomita 32 hivi. Kwa P-47 hizo ni dakika chache. Rubani aliyekuwa akivuka bahari kila siku sasa alikuwa akiliona lengo lake muda mfupi baada ya magurudumu kukunjwa, akitupa mabomu na kurudi wakati chakula cha asubuhi hakijapoa. Faida ya kuwa karibu inaonekana wazi hapo, na wanahistoria wengi huishia hapo. Mimi napenda kutazama upande wa waliobaki chini. Matangi ya ndani ya P-47 yalichukua zaidi ya lita 1,100 za mafuta. Katika siku za mwanzo, kabla mabomba na matangi makubwa hayajafika, mafuta yalikuja kwa madumu ya chuma ya lita 20. Hesabu yake ni rahisi: madumu zaidi ya 55 kwa ndege moja, kwa safari moja, yakibebwa kwa mkono kutoka kwenye lori, yakifunguliwa na kumiminwa moja baada ya jingine, huku ndege nyingine zikisubiri nyuma na huku watu wengine wakiingiza mikanda ya risasi katika bunduki nane za mabawa. Ndege ikirudi baada ya nusu saa, kazi inaanza upya.

Sasa nirudi kwenye udongo. Majuma ya Juni yalipokuwa makavu, ule unga laini uliowavutia wanajiolojia ulifumka chini ya magurudumu na upepo wa mapanga ya ndege, ukawa wingu lililosimama juu ya kila uwanja. Wavu wa chuma haukuuzuia, kwa kuwa una macho. Adui aliweza kuliona wingu hilo kutoka mbali, na rubani wa pili katika foleni aliruka bila kumwona wa kwanza. Lakini hasara kubwa ilikuwa ndani ya injini. Vumbi hilo lilikuwa na chembe ngumu za silika, zikaingia na hewa na kukwangua vyuma. Ndege za Typhoon za Waingereza ndizo zilizoumia zaidi, kwani injini yao ya Napier Sabre ilitumia mikono ya chuma inayoteleza mahali pa vali za kawaida, na mikono hiyo haikuvumilia mchanga. Vichujio vya hewa ilibidi vibuniwe, vitengenezwe na kufungwa kwa siku chache, na magari ya maji yakawa yanapita kwenye njia za kurukia kila ilipowezekana. Sioni kwamba wanajiolojia walikosea. Waliulizwa ni ardhi gani ingejengeka kwa siku tatu, wakajibu sawasawa. Sifa ileile iliyoufanya udongo ukatike kirahisi ndiyo iliyoufanya upeperuke.

Kisha likaja jambo la kinyume. Kati ya Juni 19 na 22 dhoruba kali iliipiga pwani, ikaivunja kabisa bandari ya muda, ya kuunganishwa kwa vipande, ambayo Wamarekani walikuwa wameijenga mbele ya Saint-Laurent, na kazi ya kushusha mizigo ufuoni ikasimama. Mizingo ya wavu, mafuta na mabomu vilibaki melini, na viwanja vilivyokuwa vikijengwa vikakwama katika hatua vilizofikia. Siku kama hizo ndizo zilizoonyesha kwamba njia ya majani juu ya genge haikuwa jambo dogo, maana pepo zilipotulia, kilichoweza kufika bila gati wala ufuo kilikuwa kile kilichokuja kwa ndege.

Juu ya mvutano wa makamanda sitasema mengi. Mpango ulitaka Caen utekwe siku ya kwanza ili nyanda zilizo kusini mashariki yake zipatikane kwa ajili ya viwanja. Mji huo haukukamilika kutekwa hadi Julai 20 hivi, na wakuu wa anga walilalamika kwa uchungu kwamba hawana ardhi. Wahandisi walichofanya ni kubana viwanja katika kila shamba lililofaa nyuma ya mstari wa mapigano, hivi kwamba kufikia katikati ya Agosti, Wamarekani na Waingereza kwa pamoja walikuwa wamejenga zaidi ya 30 katika eneo ambalo gari hulivuka kwa muda mfupi.

Baadaye vita vikahama, kama ilivyotarajiwa. Julai 25 Wamarekani walianza shambulio la kuvunja ngome magharibi ya Saint-Lô, na ndege za kikosi cha 366 zilikuwa miongoni mwa zilizoshiriki. Agosti ilipokwisha Paris ilikuwa imekombolewa, na mapema Septemba Brussels nayo. Uwanja uliokuwa dakika chache kutoka kwenye mapigano sasa ulikuwa mamia ya kilomita nyuma yake, na P-47 iliyoruka kutoka Saint-Pierre-du-Mont ingekuwa na tatizo lilelile iliyokuwa nalo ikitoka Thruxton. Mwishoni mwa Agosti kikosi cha 366 kilihamia karibu na Dreux, magharibi ya Paris. A-1 ilikuwa imetumika kwa miezi miwili na siku kadhaa.

Kuvunja kulikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo, na ni sehemu ambayo picha zake ni chache kuliko za kujenga. Wavu ulifunguliwa na kuzingwa upya pale ulipokuwa bado mzima, vibao vya chuma vikang'olewa na kurundikwa, vyote vikapakiwa malori na kufuata jeshi kuelekea Ubelgiji na Ujerumani. Ardhi ikarudishwa kwa wakulima wake. Mkulima aliyerudishiwa shamba huko Normandy hakulipata kama lilivyokuwa: ua zilizowatenganisha ng'ombe wake na wa jirani zilikuwa zimeng'olewa, mifereji imefukiwa, udongo wa juu umeshindiliwa hadi jembe linagonga, na hapa na pale mlikuwa na vipande vya chuma na madimbwi ya mafuta. Kupanda ua upya ni kazi ya miaka, kwani miti haina haraka ya kijeshi. Kilichobaki nyuma kilipewa kazi nyingine. Vibao vya matundu vilifaa kwa mageti na mazizi, na hadi siku za karibuni baadhi yake vimekuwa vikionekana katika ua za mashamba, vikiwa na kutu lakini vimesimama, ndoano zikiwa bado zimeshikana.

Saint-Pierre-du-Mont pamejengwa mnara mdogo kando ya barabara kwa kumbukumbu ya Batalioni ya 834 na kikosi cha 366, na nyuma yake ni shamba. Saint-Laurent mambo yalikwenda vingine. Baada ya vita, miili ya waliozikwa kwa muda ilifukuliwa; mingi ilirudishwa Marekani kwa matakwa ya familia, na iliyobaki ikazikwa karibu na hapo, Colleville, katika makaburi ya kudumu yaliyozinduliwa rasmi mwaka 1956, yenye ekari zaidi ya 170 na makaburi zaidi ya 9,300. Ufaransa iliitoa ardhi hiyo itumike milele bila kodi. Nimezitazama mara nyingi picha za genge lile zilizopigwa kutoka angani kiangazi cha 1944, na ndani yake njia ya kurukia inaonekana kama mkwaruzo mweupe juu ya mashamba, ikiwa na ndege zilizoegeshwa pembeni. Katika picha za leo, mistari iliyonyooka ya genge lile ni ya misalaba.